Nani namba moja? Mnabishana swali ambalo renki ya UFC haina jibu lake

Tangu Mrusi Petr Yan amvue Mgeorgia Merab Dvalishvili mkanda wa UFC, kampuni kubwa ya mapambano ya MMA, pale Las Vegas, Desemba 6, 2025, kwa wapenzi wa mchezo huu unaochanganya ngumi, mateke na mieleka hakukaliki. Kuna kundi linasema mieleka imekufa, eti zama za watu wa Dagestan na Georgia kuwalalia wenzao dakika 25 zimeisha na sasa ni ngumi tu. Kuna kundi lingine, hawa wiki tatu kabla walikuwa wanashangilia Islam Makhachev wa Dagestan akimbana Jack Della Maddalena raundi zote tano pale New York mpaka akaondoka na mkanda wa uzito wa pili, wao wanasema Merab kachoka tu, mtu kapigana mara nne ndani ya mwaka mmoja alafu mnategemea nini. Na kila upande unachomoa renki kama ushahidi, fulani namba moja, fulani namba nne, kwahiyo fulani anamzidi fulani, kesi imekwisha. Haijaisha. Mi naona renki ya UFC ni kumbukumbu ya nani alimshinda nani na lini, basi, haiwezi kukwambia nani anamuweza nani. Na kitu kikubwa kinachofanya isiweze ni hiyohiyo mieleka tunayogombania, kwa sababu mieleka ndo inaamua pambano lipigwe wapi, na mtu huyohuyo anayetisha akiwa amesimama anaweza kuwa mtu wa kawaida kabisa akiwa chali.

Tuanze na renki yenyewe maana watu wanaitaja kana kwamba imeshushwa kutoka mbinguni. Ilianza Februari 2013 na inatengenezwa kwa kura za waandishi wa habari, kila uzito unapewa watu 15, bingwa anakaa juu bila namba, alafu kuna ile orodha ya paundi kwa paundi inayowachanganya watu wa uzito wote kana kwamba wote wana kilo sawa. Hakuna fomula. Mwandishi anakaa anapanga anavyoona yeye, na vyombo vingi vikubwa vya mchezo huu havipigi kura kabisa, maana renki ni mali ya kampuni ileile wanayotakiwa kuiandika. Matokeo yake ni vituko. Februari 2023 Makhachev alimshinda Alexander Volkanovski kule Perth, na Volkanovski ndo alikuwa namba moja paundi kwa paundi, orodha ikatoka, Volkanovski bado namba moja na aliyemshinda yuko chini yake! Ukiisoma kama kipimo cha uwezo unapata kizunguzungu. Ukiisoma kama maoni ya watu kadhaa juu ya historia ya mtu inaeleweka, kwa sababu Volkanovski alikuwa kapanda uzito kumfuata mwenzake, pambano lilikuwa la kubanana, wakaona hakuna sababu ya kumshusha. Unaweza usikubaliane nao, lakini angalau unajua wanafanya nini.

Dana White, bosi wa UFC, mwenyewe haipendi. Novemba 2024 baada ya Jon Jones kummaliza Stipe Miocic alikuja juu kweli kwamba haiwezekani Makhachev awe juu ya Jones, na Aprili 2025 UFC walipotangaza ushirikiano na Meta, wenye Facebook, moja ya mambo yaliyosemwa ni kutengeneza mfumo mpya wa renki. Cha kuchekesha ni kwamba hata hiyo iliyopo haimfungi mikono. Mwishoni mwa 2025 Arman Tsarukyan ndo alikuwa namba moja kwenye uzito mwepesi, Novemba 22 kule Doha akamkaba Dan Hooker raundi ya pili, lakini mkanda wa muda wa uzito huo wakapangiwa Justin Gaethje na Paddy Pimblett Januari 2026. Arman alijitoa dakika za mwisho kwenye pambano na Makhachev Januari 2025, akasema mgongo, na ilionekana wakubwa hawajamsamehe. Kwenye ngumi za kulipwa Marekani wana sheria ya mwaka 2000 yenye jina la Muhammad Ali inayoyabana mashirika ya mikanda yaweke wazi vigezo vya renki zao, MMA haimo kwenye hiyo sheria. Kwahiyo ukiona namba ya mtu kwenye tovuti ya UFC jua unaangalia kitu ambacho mwenye kampuni akitaka anakifuata na asipotaka anakiruka.

Sasa kuna wanaosema basi tuwape kompyuta kazi hiyo, kompyuta haina ndugu wala rafiki. Hoja hii siyo ya kijinga, ila sisi Watanzania tulishaiona ikifanya kazi. Septemba 2018 bondia wetu Hassan Mwakinyo alikwenda Birmingham akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, na BoxRec, tovuti ya renki za mabondia ambayo inapangwa kwa hesabu za kompyuta, ikamrusha nafasi nyingi sana kwa mpigo mmoja, nchi nzima ikawa inatembea na picha ya ile orodha kwenye simu. Ushindi ulikuwa halali kabisa na ngumi alizopiga zilionekana. Lakini kule kuruka kulitokana na pointi alizokuwa nazo Eggington, siyo kwamba kompyuta iliangalia mkono wa Mwakinyo ikaupenda. Hesabu inajua nani kashinda na aliyeshindwa alikuwa na pointi ngapi, haijui kashindaje. Na kwenye ngumi afadhali, kule wote wana mikono miwili na kazi ni moja. Peleka hesabu hiyohiyo kwenye mchezo ambao mtu anaweza kushinda bila kurusha ngumi kumi za maana uone itakavyochanganyikiwa.

Mfano mzuri kuliko yote ni uzito wa bantamu, huo wa Yan na Merab, na huu ningependa tuukalie maana ndo unaobeba hoja yangu. Oktoba 2022 kule Abu Dhabi Sean O'Malley alimshinda Yan kwa majaji kugawanyika, watu wengi walioangalia wakasema Yan kaibiwa lakini kwenye rekodi imeandikwa O'Malley. Machi 2023 Merab akamshinda Yan raundi zote tano kwa majaji wote watatu. Septemba 2024 Merab akamvua O'Malley mkanda, Juni 2025 akarudia na safari hii akamkaba mpaka akagonga mkono, yaani akasalimu amri. Hapo kila mtu akasema hesabu imefungwa, Merab juu, O'Malley kati, Yan chini, na kama unaamini namba basi Desemba ilikuwa ni mazoezi tu kwa Merab. Yan akamshinda Merab. Sasa nipangie: O'Malley kamshinda Yan, Merab kamshinda O'Malley mara mbili, Yan kamshinda Merab. Hapo hakuna mpangilio wa mmoja, wawili, watatu utakaowatosha hawa, kila utakayemuweka juu kuna mtu chini yake aliyewahi kumshinda, na siyo kwa bahati. O'Malley ni mrefu, anapiga kwa mbali na anahitaji nafasi, Merab hatoi nafasi, anakuja miguuni kuanzia kengele ya kwanza mpaka ya mwisho. Yan kumkimbiza mtu mrefu ni shida kwake ila mtu akimfuata mwenyewe ndo anafurahi, mradi tu asianguke.

Na kutoanguka ndo kazi yenyewe, ambayo wanaosema "mieleka imekufa" hawajaitazama. Rudia pambano la 2023 uangalie. Merab alijaribu kumwangusha mara 49, idadi ambayo haijawahi kuonekana UFC, akafanikiwa mara 11. Wengi wanacheka, mara 11 kati ya 49 ni nini sasa. Lakini angalia Yan anafanya nini kwenye zile 38 zilizobaki: anashusha kiuno, anarudisha miguu nyuma, anaingiza mkono chini ya kwapa la Merab, anasukumwa mpaka kwenye wavu, anajinasua, anapumua mara moja, Merab huyo tena. Hapigi ngumi. Hawezi kupiga ngumi kwa sababu mikono yote iko kazini kuzuia. Merab alishinda lile pambano kwa majaribio aliyoshindwa. Desemba 2025 Yan alizuia vilevile ila hakubaki pale kwenye wavu, kila anapojinasua anaacha kitu, mara teke la mbavu mara ngumi ya tumbo, na kufika raundi za mwisho Merab yule asiyechoka alikuwa anavuja damu usoni na anakunja tumbo. Yan alijifunza mieleka ya kujilinda mpaka ngumi zake zikapata kazi. Ukisema ngumi zimeishinda mieleka umeona nusu ya mwisho ya kilichotokea, nusu ya kwanza umelala.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndo inayopigiwa kelele sana, ni ile ya kwamba kumbana mtu chini siyo kupigana. Iliwaka zaidi Agosti 2025 baada ya Khamzat Chimaev kumvua mkanda Dricus du Plessis wa Afrika Kusini kule Chicago. Kwa saa zetu ilikuwa Jumapili asubuhi, jirani yangu alikuja kuangalia, kavumilia raundi mbili kaniuliza hivi huyu anapigana au anamkumbatia, kaondoka zake. Hata ukumbini walizomea. Mashabiki wa Afrika Kusini walikuwa na maumivu yao, hilo naelewa, lakini hoja waliyokuja nayo, kwamba ni kama timu imemiliki mpira dakika zote tisini bila kufunga, haisimami hata kidogo. Kwanza kasome kanuni. Majaji wa MMA wanaanza na mapigo na mieleka yenye matokeo, vyote viko kwenye kigezo kimoja cha kwanza, ushambuliaji unafuata, na kutawala eneo ndo kunakuja mwisho kabisa iwapo hivyo vya juu vimelingana. Maana yake kumlalia mtu bila kumfanya kitu hakukupi raundi kirahisi kama wengi wanavyodhani.

Pili, angalia Chimaev alikuwa anafanya nini pale chini. Kuna mkao wanauita msalaba: mkono mmoja wa Du Plessis umebanwa katikati ya miguu ya Chimaev, mkono wa pili umeshikwa upande wa kichwa, kwahiyo mtu amelala chali mikono imefunguka huku na huku na uso uko wazi, hana cha kujikinga nacho hata kope. Chimaev ana mkono mmoja huru na anautumia kumgonga, siyo ngumi za kuua, vigongo vidogovidogo, lakini vinakuja tu. Jumla ya mapigo ya pambano zima ilikuwa 529 kwa 45. Hayo 45 ndo ya Du Plessis, bingwa wa dunia, kwa dakika 25. Mapigo mengi ya Chimaev yalikuwa mepesi, sawa, tukubaliane, ndo maana hakummaliza na ndo maana pambano lilichosha, lakini mtu aliyepigwa mara 529 akajibu mara 45 huwezi kuniambia ameonewa. Majaji wote wakatoa 50 kwa 44. Na kama unasema huu siyo mchezo halisi basi rudi Denver, Novemba 12, 1993, usiku wa UFC ya kwanza kabisa, Royce Gracie mwembamba mwenye joho jeupe akawapitia watu watatu usiku mmoja na mmoja wao, bondia Art Jimmerson, aliingia kavaa glavu moja na akagonga mkono akiwa chini kabla hajapigwa chochote cha maana. Mchezo ulizaliwa hivo. Anayetaka ngumi tupu ana ngumi za kulipwa, zipo, na hela zake ni nzuri kuliko za huku.

Pale nilipo upande wa walalamikaji ni kwenye kuchosha tu. Pambano linaweza kuwa halali na likachosha, na mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri ana haki ya kunung'unika. Ila kuchosha hakubadilishi nani kashinda na wala kusishushe renki ya mtu, na naona wapiga kura wengine wanachanganya hapo, mtu akimaliza kwa nokauti anaruka nafasi tatu, akishinda kwa kukaba na kubana raundi tano anasogea moja kwa shingo upande.

Upande wa pili nao wana hoja, na yao ni nzito kidogo: wanasema mieleka ndo mfalme, angalia mabingwa wengi wametokea wapi, mfundishe mtu mieleka kwanza mengine atajifunza njiani. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini wanaisoma kana kwamba mieleka ni mali ya watu fulani waliozaliwa nayo milimani, na hapo historia ya hawa ndugu zetu watatu wa Afrika inawakatalia. Kamaru Usman wa Nigeria alikuwa bingwa wa mieleka wa vyuo vya daraja la pili Marekani mwaka 2010, hakuna aliyewahi kumwangusha UFC mpaka Agosti 2022, na aliyemwangusha ni Leon Edwards, mtu wa mateke, raundi ya kwanza, alafu raundi ya tano akamlaza kwa teke la kichwa. Israel Adesanya, fundi wa kusimama, Machi 2021 alipanda uzito kwa Jan Blachowicz na raundi mbili za mwisho alizimaliza chini. Na Francis Ngannou, huyu ndo nampenda kwenye somo hili. Januari 2018 Miocic alimburuza chini raundi zote tano mpaka huruma, watu wakasema Mkameruni ana mkono tu hana kingine. Alikwenda akajifunza. Machi 2021 akamlaza Miocic kwa ngumi, sawa, hiyo mlitegemea, lakini Januari 2022 akiwa na goti bovu, Ciryl Gane akamtawala kwa kusimama raundi mbili, Ngannou akaanza kumwangusha, mara nne, mpaka akashinda kwa pointi. Mtu mwenye ngumi inayoogopwa kuliko zote duniani alitetea mkanda wake kwa mieleka aliyojifunza ukubwani. Renki ya 2018 ingekwambia nini kuhusu hilo? Hakuna.

Kwetu huku hili jambo lina uzito kuliko mabishano ya namba. PFL, kampuni nyingine ya MMA, walianzisha ligi ya Afrika mwaka 2025, Oktoba ikaja mpaka Kigali pale BK Arena, na milango ikianza kufunguka hivi vijana wa Dar, Nairobi na Bujumbura wataingia. Gym zetu nyingi ni za ngumi au kick boxing, unakuta gunia, kamba za kuruka, ulingo kama wana bahati, ila godoro la kuangushana hamna au lipo moja limechakaa. Kijana anaingia MMA na ngumi nzuri sana na anakutana na mtu wa kawaida tu kutoka Afrika Kusini mwenye miaka mitatu ya mieleka, anawekwa chini, mwisho wa habari. Wakati Zanzibar judo ipo tangu miaka ya 90 aliyoianzisha Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, watu wanaojua kumtoa mtu miguuni na kumbana wapo pale ng'ambo ya maji tu, saa mbili kwa boti. Sijasikia mabondia wetu wakivuka kwenda kukaa nao miezi mitatu. Promota anayetaka kijana wake apande kwenye orodha yoyote, ya PFL au ya nani, angeanzia hapo kabla hajamnunulia glavu mpya.

Nirudi kwenye ligi ya wakubwa nimalize, maana najua mtaniuliza. Makhachev na Ilia Topuria, nani namba moja? Wengi wanatumia wapinzani wa pamoja, na hapa uzuri ni kwamba wapo wawili na wote hawasaidii kitu. Volkanovski: Makhachev kamshinda mara mbili, ya pili kwa teke la kichwa, Topuria naye Februari 2024 kamlaza kwa ngumi. Charles Oliveira: Makhachev kamkaba Oktoba 2022, Topuria Juni 2025 kamlaza raundi ya kwanza. Sawa kwa sawa. Kwa rekodi mi kura yangu ni Makhachev bila kufikiri mara mbili, mikanda ya uzito mbili na ushindi 16 mfululizo UFC kufikia Novemba 2025, akafikia rekodi ya Anderson Silva, na kama renki ni kumbukumbu basi yake ni ndefu zaidi. Wakikutana ni habari nyingine. Topuria watu wanamwita bondia ila kaanza na mieleka ya Kigiriki na Kirumi akiwa mtoto Georgia na ana mkanda mweusi wa jiu-jitsu, kwahiyo kumwangusha kutakuwa na bei, na bei yenyewe ni kuingia kwenye mkono wake wa kulia. Mi naziona raundi mbili za kwanza ni za hatari kubwa sana kwa Makhachev, na akifika ya tatu akiwa bado anasimama vizuri Topuria ataanza kuchoka kwenye wavu. Hela yangu ningeiweka kwa Makhachev kwa kabali raundi ya nne, ila ningeweka kidogo.